Moshi Chini ya Jiwe

Watu wakisikia kwamba nilipima miamba kwa miaka mingi, swali la kwanza huwa ni dhahabu. Niliiona wapi, na mbona sikutoroka nayo. Nikiwajibu kwamba kazi yangu ilikuwa kutafuta mahali mwamba unapochungulia nje ya udongo, kuugonga kwa nyundo, kupima umeinamia wapi na kuandika, wananihurumia. Wengine wanadhani ninaficha. Mimi si mtu wa kueleza jambo mara mbili, na habari ya lile jiwe la Tigania sijawahi kuieleza hata mara moja. Sasa nimezeeka, na wengi waliohusika wametangulia.

Ilikuwa miaka ile mashamba ya chini ya Muthara yalipokuwa yakipimwa ili kila mtu apate hati yake. Serikali ilikuwa imetuma watu wa aina mbili kila mahali: hawa wa kupima mashamba, sisi wa kupima miamba. Wananchi hawakuona tofauti. Mtu mwenye dira na utepe ni mtu wa kuchukua ama kugawa ardhi, na huyo unamkaribisha kwa chai ukimwangalia mikono. Nimekunywa chai nyingi ya namna hiyo.

Mimi ni mtu wa Kanja, upande wa Embu. Kimeru ninakisikia, lakini nikikisema watu wanacheka, kwa hiyo kule tuliongea Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa mtindo wake. Katika kikosi chetu mwanamke nilikuwa peke yangu. Wanaume walilala kwenye mahema karibu na soko, na mkubwa wetu, mzee mpole ambaye nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia, akaona si heshima msichana kulala katikati ya mahema. Alimwendea chifu. Chifu akanitafutia chumba kwa mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa na nyumba ya mabati mteremkoni, chini kidogo ya ukingo wa mawe meusi, na mke asiyesema sana.

Yule mzee alinipenda, na mimi nilimpenda. Hilo lazima niliseme mapema. Kila jioni alidai nimwonyeshe mawe niliyookota, akayapanga dirishani na kuyapa vyeo vya kanisa: hili ni mwekahazina, halisemi, hili ni mwenyekiti, ni zito bure. Alihakikisha maji yangu ya kuoga ni ya moto. Alipoomba kabla ya chakula alinitaja mimi na mama yangu ambaye hakuwahi kumwona. Watoto wa marehemu ndugu yake, waliokaa shamba la jirani, aliwapelekea maziwa kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe.

Kazi yetu ilikuwa na sheria moja aliyoiweka mkubwa wetu, na asiyeifuata alirudishwa Nairobi. Ukifika kwenye mwamba, unaandika kwanza ulichokiona. Halafu unapiga mstari. Unachofikiria unakiandika chini ya mstari, na usithubutu kukipandisha juu. Alikuwa akisema kwamba watu wameharibu ramani nyingi kwa kuona walichokuwa wamekwisha kukifikiria. Mimi nilipenda sheria ile kwa sababu ilinipa ruhusa ya kunyamaza.

Shamba la jirani lilikuwa na jiwe. Sijui niseme kubwa kama nini. Nyumba ya mjane wa yule marehemu ilikuwa chini yake, na ukisimama ng'ambo ya bonde uliona jiwe kwanza, nyumba baadaye. Nilifika pale asubuhi moja nikifuata ukingo, nikipima mahali hadi mahali. Mjane alikuwa uani akipukuchua mahindi. Tukasalimiana, muuga, muuga, akanipa uji kwenye kibuyu, nikamweleza kwamba nataka kuligonga jiwe lake kidogo. Alisema niligonge tu, wengi wameligonga kwa macho.

Milima ya Nyambene ilimwagika zamani ikiwa uji wa moto, na uji huo ulipopoa ukawa jiwe jeusi lenye matundu, kama mkate. Uji ukiwa bado unateremka, matundu yale huvutwa yakalala kuelekea kule uji unakokwenda. Ukingo mzima niliokuwa nimeupima yalilala mashariki. Nilikuwa nimeandika mashariki, mashariki, mashariki, mpaka mkono ukazoea. Kwenye jiwe la mjane matundu yalitazama juu, kule mlimani.

Niliipangusa dira nikapima tena. Jiwe haliwezi kubadilisha nia lenyewe. Kama matundu yake yanatazama kwingine, basi limegeuka, na kama limegeuka, halijashikana tena na mlima. Nilizunguka nyuma yake. Kulikuwa na ufa, na ndani ya ufa mizizi ya mti ilikuwa imekazwa kama kamba ya kuanikia nguo. Udongo wa mle ndani ulikuwa mpya, haujaota hata nyasi. Chini jiwe lilikalia majivu mekundu ya zamani, yale ambayo yakiloa unaweza kuyachota kwa kijiko.

Nilirudi mbele kuchukua kibuyu changu. Watoto wawili walikuwa wamekaa kivulini pa jiwe wakila viazi. Niliogopa. Sikuogopa kidogo, na uji niliumaliza tu kwa sababu kwetu kuacha uji wa mtu ni tusi.

Mkubwa wetu alipanda siku hiyo hiyo. Aliyatazama matundu, akatia mkono kwenye ufa, kisha akavua kofia. Alikuwa na upara mweupe ambao hatukuwa tumewahi kuuona. Akasema ripoti itakwenda Nairobi kama kawaida, na Nairobi haina haraka, kwa hiyo chifu ataambiwa leo. Akashuka, akamwambia chifu.

Chifu hakubisha. Alifanya jambo la adabu, jambo ambalo mtu yeyote aliyelelewa vizuri huko angelifanya. Habari ya nyumba ya mjane haipelekwi kwa mjane. Hupelekwa kwa kaka wa marehemu mume wake, naye ndiye humweleza shemeji yake kwa maneno yanayofaa. Chifu akamwita yule kaka. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenyeji wangu.

Sasa inabidi nieleze habari ya shamba lile. Baba wa mwenyeji wangu na mdogo wake marehemu alikufa kabla ya kuonyesha mpaka. Mdogo alijenga chini ya jiwe, akaoa, akazaa, akafa. Mkubwa alikuwa akisema kwamba mdogo aliazimwa tu mahali pa kujenga, na kwamba shamba ni la mwana wa kwanza. Mjane alisema mume wake alipewa. Kamati ya mashamba ilikuwa inapita ukoo kwa ukoo, na ilikuwa na kipimo chake ambacho hakikuandikwa popote lakini kila mtu alikijua: penye moshi pana mwenyewe. Kamati ikifika ikute moto unawaka jikoni, yule mwenye moto anaandikwa. Ikikuta jivu baridi, hiyo ni nyumba iliyohamwa, na iliyohamwa hurudi kwa ukoo. Katika nyumba ile, ukoo ulikuwa mtu mmoja.

Jioni mwenyeji wangu hakuuliza mawe. Alikula, akaomba, akanitaja mimi na mama yangu, halafu akakaa akitazama dirishani alikompanga mwenyekiti na mwekahazina. Mke wake aliondoa sahani. Asubuhi alipeleka maziwa kwa mkono wake kama siku zote, na alipokuwa huko akamwambia shemeji yake ahame, kwa sababu hata serikali imesema.

Nilipofika kwa mjane siku hiyo hakunipa uji. Nilijaribu kumweleza mwenyewe. Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya jiwe, nikamwonyesha mizizi, nikamwonyesha matundu na kule yanakotazama. Alisikiliza yote, maana alikuwa mwanamke mwenye subira, kisha akaniuliza, akiniita mwalimu kama walivyomwita kila mtu mwenye kalamu:

"Mwalimu, wewe unalala kwa nani?"

Nikasema nilikolala.

"Unakula kwa nani?"

Nikaifunga dira yangu.

"Na hii jiwe itaanguka lini?"

"Sijui. Inaweza kuwa mvua hii, inaweza kuwa baada ya miaka mingi."

"Basi hujui," akasema. "Lakini kamati najua. Kamati inakuja."

Nilikasirika. Nilikuwa na hasira za haraka siku hizo, na hasira yangu iliwaendea wote: yeye kwa ukaidi wake, chifu kwa adabu yake, mwenyeji wangu kwa maziwa yake. Ukweli ulikuwa umepitishwa kwenye mdomo usiofaa, ukafika ukinuka. Hata mimi ningekuwa yeye, nisingeuamini. Niliinama nikaokota gunzi moja kati ya yale aliyokwisha kupukuchua, nikalisukuma ndani ya ufa mpaka likakwama kabisa, nikamwambia asiniamini mimi, aamini gunzi. Likikaa, akae. Likianguka, jiwe limesogea. Alilitazama, akacheka kidogo kwa pua, akarudi kwenye mahindi yake.

Mvua ilianza. Mvua ya Nyambene haina mzaha. Inakuja na ukungu, na ukungu unakaa mpaka unasahau kwamba kulikuwa na bonde. Siku moja alasiri nilikuwa nafua soksi nyuma ya nyumba ya mwenyeji wangu. Mjane akatokea kwenye ua, shuka kichwani, akaniwekea gunzi mkononi. Lilikuwa limeloa. Hakusema neno na mimi sikusema, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni anatuona.

Tangu siku hiyo mjane alifanya hesabu yake mwenyewe. Watoto aliwapeleka kwa mama yake ng'ambo ya kijito, na jioni alivuka akalala huko huko. Lakini kila alfajiri alivuka tena juu ya gogo, akapanda mteremko, akawasha moto chini ya jiwe. Kuni zake alizipanga darini, juu ya jiko, zilikuwa kavu kama mifupa. Aliukalia moto muda kidogo, akayafukia makaa, akaenda shambani, jioni akauchochea tena. Mwili wake ulikuwa ng'ambo na moshi wake ulikuwa nyumbani. Nilimwambia hata hiyo dakika ya kuwasha ni hatari. Akaniambia ana hatari mbili, na hii ndiyo ndogo.

Mwenyeji wangu aliliona jambo hilo, nani asingeliona. Usiku mmoja mezani alisema, bila kumtazama mtu, "Moto bila mtu ni uongo." Mke wake alikuwa anamimina chai. Akamimina mpaka kikombe kikafurika, ndipo akaacha. Sikuwahi kumsikia mzee yule akisema neno baya juu ya shemeji yake, wala hilo halikuwa baya lenyewe, lakini nililala vibaya. Nikajiambia huyu ni mtu aliyemwezekea mjane paa baada ya ndugu yake kufa. Nikajiambia huyu ni mtu anayepeleka maziwa. Yote mawili yalikuwa kweli na hayakunipa usingizi.

Kisha kazi ikahamia ng'ambo, na mimi nikahamishiwa chumba cha mwalimu katika shule iliyokuwa juu ya ukingo wa pili. Nilifurahi kuondoka, sitaficha. Lakini kutoka pale shuleni nyumba ya mjane ilionekana yote, kama kitu kilichowekwa kwenye kiganja. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilitoka nje kutazama moshi. Ulikuwa moshi mwembamba wa buluu, moshi wa kuni kavu, unapanda wima mbele ya jiwe jeusi. Nikiuona nilikwenda kunywa chai. Mwalimu wa shule alinitania kwamba mimi ni Muembu niliyegeuka mlinzi wa jiko la Mmeru. Nilicheka, lakini nilikuwa nimeanza kuusubiri moshi ule kama mtu anayesubiri mgonjwa apumue.

Siku ambayo kamati ilikuwa imesema itafika upande ule, mvua haikunyesha, ilimwagika. Ilianza usiku ikaendelea. Niliposimama nje asubuhi niliweza kusikia kijito kikinguruma kule chini, na sauti yake haikuwa ya kijito tena. Ukungu ulikuwa unafungua na kufunga. Ulipofungua nilitazama nyumba ya mjane na hapakuwa na moshi. Nikasema afadhali, ameshindwa kuvuka. Namshukuru Mungu kwa kijito.

Ukungu ukafunga, ukafungua, na moshi ulikuwapo.

Haukuwa ule wa buluu. Ulikuwa mweupe, mzito, ulitoka kwa nguvu kwenye paa la nyasi na kulala chini badala ya kupanda. Nilikuwa bado nautazama nilipoona miti iliyo nyuma ya jiwe ikiinama pamoja, taratibu, kama watu wanaoinama kuomba. Jiwe likaondoka. Mlio ulikuja baadaye, niliusikia miguuni kabla ya masikioni. Mteremko ulibaki mwekundu kutoka juu hadi chini, na mahali pa nyumba palikuwa na jiwe, na moshi ulikuwa umekatika.

Nilikimbia kuteremka bila viatu. Nilijua nimemwona mwanamke yule akifa. Niliteleza, nikainuka, nikateleza, na nilipofika kwenye kijito nilimkuta amesimama ukingoni, upande wetu, kiondo kichwani, mzima. Gogo la kuvukia lilikuwa limechukuliwa na maji. Alikuwa anatazama ng'ambo na mdomo wake ulikuwa wazi. Kelele za maji zilikuwa kubwa mpaka ilibidi aweke midomo kwenye sikio langu.

"Nimeshindwa kuvuka," akasema. Halafu akanishika mkono kwa kucha. "Mwalimu. Nani yuko kwa moto yangu?"

Maji yalipopungua wanaume walivuka. Walimpata ukingoni mwa jiwe, sehemu ambayo ilikuwa jikoni. Alikuwa mzee wa kanisa, mwenyeji wangu. Jiwe lilikuwa limemaliza kila kitu pale, mafiga, dari ya kuni, vyungu, na mvua ikaosha kilichobaki, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kama mkononi alikuwa na kijinga cha moto ama debe la maji.

Hilo likawa ndilo swali. Huko, kuzima moto wa mtu ni kumtakia nyumba yake ife, na ukimzimia mjane ni zaidi. Aliyekufa akifanya hivyo hachimbiwi kaburi na jirani, na watoto wake wanaitwa kwa kitendo kile mpaka wajukuu. Minong'ono ilianza kabla hajaoshwa. Wengine walisema alikwenda kuzima ili kamati ikute jivu. Wengine walisema hapana, alijua shemeji yake amezuiliwa na maji, akaenda kumwashia. Wazee wa ukoo walikaa uani kwake siku moja kabla ya maziko, na mimi nikaitwa, kwa sababu mtu aliyeuona moshi nilikuwa mimi.

Nilikaa karibu na mke wake. Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa mbele, mikono mapajani, na wanawe nyuma yake. Yule mwanamke alikuwa amenipikia wiki nyingi, na katika wiki hizo tulikuwa hatujaongea maneno ya kujaza kikombe. Sasa alinitazama. Nilitamani mlima wote ushuke.

Mzee mmoja akaniuliza moshi ulikuwa wa namna gani.

"Mweupe," nikasema. "Mzito. Ulilala chini."

Watu walinong'ona. Akaniuliza moshi kama huo ni wa moto kuwashwa ama wa moto kuzimwa.

"Ni wa moto na maji kukutana. Kuni ikiwa mbichi ukiiwasha unatoka hivyo. Makaa yakimwagiwa maji unatoka hivyo. Mimi niliona moshi. Mkono sikuuona."

Nilisema kweli, yote iliyo juu ya mstari. Chini ya mstari nilikuwa na kuni kavu kama mifupa, na sauti ya mzee mezani ikisema moto bila mtu ni uongo. Nilikuwa na maziwa pia, na paa. Nilikuwa na hasira tena, safari hii kwa maiti, kwa kutuachia kazi hiyo. Wazee walitazamana. Niliona kwamba wameamua, au wanakaribia.

Ndipo mjane akasimama. Hakuwa ameulizwa, na mwanamke hasimami hivyo mbele ya wazee.

"Ni mimi nilimtuma," akasema. "Asubuhi hiyo maji ilinizuia. Nilimwita kutoka ng'ambo, nikamwambia shemeji, kamati inakuja, niwashie moto. Kuni yangu ilikuwa imeloa, paa lilikuwa linavuja. Alikufa akiniwashia moto."

Kila mtu pale alikuwa amekisikia kijito asubuhi ile. Walijua kwamba mtu asingeweza kusikia hata kengele ya kanisa kutoka ng'ambo, sembuse sauti ya mwanamke. Mzee mmoja alifungua mdomo, akamtazama mjane, akaufunga. Na mimi, ambaye alama za kucha zake zilikuwa bado mkononi mwangu, na swali lake lilikuwa bado sikioni, nilitazama chini. Mzee mkubwa akagonga ardhi kwa fimbo yake na kusema basi, watu wakachimbe kaburi.

Alizikwa vizuri, kwaya ikaimba. Kamati ilipita baadaye, ikakuta jiwe mahali pa nyumba na mafiga matatu mapya kando yake, moto unawaka. Ilimwandika mjane, na hakuna aliyepinga kutoka nyumba ile nyingine.

Kabla sijaondoka nilimtafuta. Nilimkuta anafyeka mahali pa kujenga, mbali na ukingo, kwenye kona ya shamba iliyo tambarare. Nilimwuliza kwa nini. Hakujifanya hajaelewa.

"Watoto wake na wangu wanapakana mpaka wazeeke," alisema. "Nikisema alizima, nimeweka jiwe lingine juu ya nyumba. Hiyo ungeipima na nini?"

Nikamwuliza yeye mwenyewe anadhani nini. Alipangusa panga kwa majani, akasema mtu anayeleta maziwa asubuhi anaweza kuleta maji pia, ni mkono ule ule. Akaendelea kufyeka, na mimi nikarudi Nairobi kuchora ramani.

Msimu wa mvua uliofuata tulitumwa tena kumalizia ukingo ule. Nilipanda peke yangu mpaka juu ya kovu jekundu, nikafuata mawe yaliyobaki, yale yaliyokuwa juu ya nyumba ya mabati ambako niliwahi kulala. Nilipima matundu. Yalilala mashariki, jinsi inavyopaswa. Lakini nilipotia mkono katika ufa wa kwanza, nilikuta gunzi. Katika wa pili nilikuta gunzi. Kila ufa juu ya nyumba ile ulikuwa na gunzi lililosukumwa ndani kwa nguvu, na ni mtu mmoja tu duniani niliyemfundisha jambo hilo.

Gunzi la mwisho lilikuwa limelegea, ufa wake umepanuka. Nililigusa kwa kidole, na likaanguka ndani.

Nilimwita mjane kutoka kule juu. Alipanda, akatazama ufa, akatia mkono, akatazama chini kwenye paa la mabati. Sikumwambia tumwendee chifu, na yeye hakuuliza ni nani anafaa kuambiwa kwanza. Aliteremka moja kwa moja, mimi nyuma yake, akaingia bila kubisha kwa mjane mwenziwe. Sijui walisema nini, kwa sababu walisema kwa Kimeru na kwa haraka. Nilisikia tu sufuria zikikusanywa.

Jioni ile nilisimama tena pale shuleni ng'ambo, nikatazama. Mvua ilikuwa imeanza. Juu ya nyumba ya mabati hapakuwa na moshi. Ulikuwa unatoka kwenye ile kona tambarare, mwembamba, wa buluu, na ulikuwa wa nyumba mbili.